Meli za Liberty

Meli za Liberty ni meli 2,710 za mizigo zilizoundwa Marekani kati ya 1941 na 1945 kufidia zile zilizozamishwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kila moja ilikuwa na urefu wa meta 134 na ilibeba takriban tani 10,000 za shehena. Injini yake ya mvuke haikuzidi maili 11 za bahari kwa saa, mwendo wa kizamani hata kwa siku zile.

Hasara

Mwaka 1942 pekee Washirika walipoteza meli zaidi ya 1,600, nyingi kwa nyambizi za Kijerumani katika Atlantiki. Bahari ya Hindi nayo haikusalimika: Juni na Julai nyambizi za Kijapani zilizamisha zaidi ya 20 katika Mlango wa Msumbiji. Mabaharia wa meli za biashara za Uingereza waliokufa vitani wanakadiriwa kuwa 30,000. Miongoni mwao walikuwamo Wahindi, Wachina, Wayemeni na Wasomali, wengi wakichochea makaa chini kabisa ya meli, mahali pagumu mno kutoka topido inapogonga.

Uundaji

Ramani ilitoka Sunderland, Uingereza. Cyril Thompson, muundaji meli wa huko, aliipeleka Marekani mwaka 1940 kuagiza meli 60. Wamarekani wakairekebisha, na Septemba 27, 1941 SS Patrick Henry ikashushwa majini Baltimore.

Aliyeipa kazi hiyo kasi ya ajabu ni Henry Kaiser, mkandarasi wa mabwawa. Katika karakana zake omo, tezi na kuta ziliundwa kando, zikanyanyuliwa kwa kreni na kuchomelewa pamoja badala ya kupigwa ribiti. Maelfu ya wanawake walishika kazi ya kuchomelea. Novemba 1942, huko Richmond, California, SS Robert E. Peary ilishushwa siku 4 na saa 15 tu baada ya mkuku wake kulazwa. Yalikuwa mashindano ya kujitangaza, lakini wastani wa kawaida nao ulishuka hadi siku 42 hivi, na mwaka 1943 meli mpya zikazidi zilizozamishwa.

Nyufa

Januari 1943 Schenectady, meli ya mafuta iliyochomelewa vivyo hivyo katika karakana nyingine ya Kaiser, ilikatika katikati ikiwa imefungwa gatini Portland, maji shwari. Lawama ziliwaangukia wachomeleaji. Constance Tipper, mtaalamu wa metali wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alithibitisha kwamba chuma chenyewe kilikosa unyumbufu kwenye baridi; na kwa kuwa mabati yalikuwa yameunganishwa kuwa kitu kimoja, ufa ulikimbia bila kizuizi.

Mabaharia

SS Booker T. Washington iliongozwa na Hugh Mulzac, nahodha mweusi aliyekataa katakata kuongoza mabaharia waliotengwa kwa rangi.

Zilizobaki

Jeremiah O'Brien ipo San Francisco, John W. Brown Baltimore. Richard Montgomery, iliyokwama na kuvunjika mlangoni mwa mto Thames mwaka 1944, bado ina mabomu ndani yake.