Dola Iliyonyimwa Kodi

Majimbo 13 ya Amerika yalipojitoa katika himaya ya mfalme wa Uingereza mwaka 1776, hapakuwa na jambo lililochukiwa huko kuliko ushuru unaotozwa na watawala wa mbali. Kwa hiyo wajumbe wao, walipokaa kutunga mkataba wa kuwaunganisha, walijihadhari sana wasije wakajitwika tena, kwa mikono yao wenyewe, mzigo walioutua kwa damu. Baraza lao la pamoja, yaani Kongresi, liliupitisha mkataba huo Novemba 1777, lakini haukushika nguvu hata Machi 1781, kwani Maryland, isiyokuwa na ardhi upande wa magharibi, ilikataa kutia sahihi mpaka Virginia ikubali kuyaacha madai yake makubwa ya huko yawe mali ya wote.

Kila jimbo, kubwa kwa dogo, lilikuwa na kura moja. Kongresi ilipewa haki ya kupigana vita, kufanya suluhu na kukopa. Haki ya kutoza kodi haikupewa, bali ilipaswa kuyaomba majimbo, nayo yalitoa yalipopenda, aghalabu pungufu. Mwaka 1781 iliomba ruhusa ya kutoza asilimia 5 tu ya thamani ya bidhaa ziingiazo bandarini. Na kwa kuwa mkataba haukubadilika ila kwa ridhaa ya majimbo yote, Rhode Island, dogo kuliko yote, ilipokataa mwaka 1782 shauri likafia hapo. Wengi wamelilaumu jimbo lile, lakini mimi naona hoja yake ilikuwa ileile iliyowapeleka wote vitani.

Juni 1783 askari wapatao 400, waliochoka kudai mishahara yao, walilizingira jengo la Kongresi mjini Philadelphia. Kongresi haikuwa na wa kumwita ila wanamgambo wa Pennsylvania, na wakuu wa Pennsylvania, wakiongozwa na John Dickinson, hawakuwa tayari kuwatoa. Naye Dickinson ndiye yuleyule aliyeiandika rasimu ya kwanza ya mkataba, rasimu iliyokusudia kuipa Kongresi nguvu zaidi kuliko hizo ilizobakiziwa na wenziwe. Kongresi ikahamia Princeton, kisha Annapolis, kisha Trenton, kisha New York, mfano wa mpangaji aliyeshindwa kodi. Na kodi, kwa maana zake zote mbili katika lugha yetu, ndiyo hasa iliyoishinda.

Wakulima wa Massachusetts waliozama katika madeni walipoanza kuzifunga mahakama mwaka 1786, na Daniel Shays miongoni mwa viongozi wao, jeshi la kuwazima lililipiwa na matajiri wa Boston mifukoni mwao. Mwaka uliofuata wajumbe 55 walikutana Philadelphia, wakatunga katiba iliyoipa serikali kuu haki ya kutoza kodi, wakasema idhini ya majimbo 9 itatosha, ijapokuwa mkataba ulidai yote 13. Rhode Island haikupeleka hata mjumbe mmoja. Iliikubali katiba tarehe 29 Mei 1790, kwa kura 34 dhidi ya 32, baada ya Seneti kupitisha muswada wa kuizuilia biashara; wakati huo George Washington alikwisha kuwa Rais kwa mwaka mzima na zaidi.