Kukatika na Kurejea kwa Utumishi: Meli ya Liuli na Askari wa Ungoni

Sehemu hii inachunguza maana ya kukatika na kurejea kwa utumishi wa kijeshi katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Ruvuma. Mifano ni miwili: meli moja ya Ziwa Nyasa, na askari wenyeji wa Ungoni, yaani Songea na viunga vyake. Kulinganisha chombo na watu huenda kukashangaza, lakini kumbukumbu zenyewe ndizo zilizokitendea chombo wema kuliko watu.

Meli Hermann von Wissmann ilikuwa mali ya serikali ya Wajerumani, ingawa haikuwa manowari kwa maana kamili. Tarehe 13 Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, bandari iliyoitwa Sphinxhafen na Wajerumani, pale ilipofyatuliwa mizinga na Gwendolen ya Waingereza chini ya Kamanda Rhoades. Nahodha wake hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Wajerumani walijaribu kuifufua. Mei 1915 Waingereza wakarudi kuiharibu. Baada ya vita Waingereza hao hao waliitengeneza, wakairejesha ziwani kwa jina la King George V. Chombo kikawa kimerejea kazini chini ya dola iliyokishinda, wala hapana aliyekihoji utii wake.

Kwa askari mambo yalikuwa magumu zaidi. Ni kweli kwamba Kikosi cha Sita cha KAR, kilichoundwa mwaka 1917, kilipokea askari waliokuwa wa Wajerumani. Lakini wapo waliokatisha utumishi kwa hiari yao. Mwishoni mwa Septemba 1918 Jenerali Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, na safu yake ikapita Ungoni. Wangoni waliokuwamo, ambao hawakuwa wameona jamaa zao kwa miaka, walianza kuondoka. Lettow mwenyewe aliandika baadaye kwa namna ya kuwaelewa: kupita kwenu bila kuingia si jambo dogo kwa binadamu. Alichoacha kukipima ni kwamba kwao huko ndiko Wajerumani walikowanyonga viongozi wa Majimaji, tarehe 27 Februari 1906. Kuwaita watu hawa watoro tu, kwa maoni yangu, ni kuazima jicho la ofisa.

Waliobaki safuni waliweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, majuma machache tu baada ya kupita Ungoni. Tofauti ya majuma hayo ilidumu. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliosalia malimbikizo ya mishahara. Inasimuliwa kwamba huko Mwanza wengi hawakuwa na vyeti, na mtu alipewa ufagio ashike kama bunduki huku akiamriwa kwa Kijerumani. Mwili ukathibitisha kile ambacho karatasi haikuweza. Mngoni aliyeiacha safu mwaka 1918 huenda naye angeutii mwili wake. Ila cheti cha kuachishwa hakupewa, na utumishi wake wa miaka ya nyuma, tofauti na ule wa meli, haukupata siku ya kurejeshwa.