Zimwi la Kutu na Ndugu Zake

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, Gary Gygax alikuwa na meza ya mchanga katika chumba cha chini cha nyumba yake. Zamani alifanya kazi ya bima mjini Chicago. Kazi hiyo ilipokatika mwaka 1970, akawa anatengeneza viatu ili familia ipate kula. Marafiki walipokuja, waliizunguka meza ile na kupambanisha majeshi ya visanamu: wapiga mishale, wapanda farasi, mashujaa wa ngao na deraya. Siku Gygax alipotaka joka lishuke katikati ya vita, hapakuwa na duka lililouza joka. Akachukua stegosauro wa plastiki, yule mnyama wa kale mwenye mabamba mgongoni, akamfanyia kazi mpaka akageuka joka. Majitu aliyapata kwa njia rahisi zaidi: alisimamisha kisanamu cha milimita 70 mbele ya askari wa milimita 40.

Hapo ndipo ilipo siri ya sanaa hii. Katika historia ya mazimwi ya mezani, mara nyingi umbo lilitangulia na jina likafuata. Mtu alishika kitu mkononi, akakigeuza huku na huku, kisha akauliza: huyu anakula nini?

Mfano bora ni mfuko mmoja wa wanyama wa plastiki, bidhaa ya bei ya chini kutoka Hong Kong, ulioandikwa kuwa una wanyama wa kale. Wanyama wenyewe hawakufanana na chochote kilichowahi kutembea duniani. Wafuatiliaji wengi wanayahusisha maumbo yao na majitu ya Ultraman, kipindi cha televisheni kilichoanza nchini Japani mwaka 1966. Mmoja alikuwa na mwili kama wa mdudu, na mkia ulioishia kwa kitu kama pangaboi. Gygax alimpa uwezo wa kugusa chuma na kukigeuza kutu, halafu kukila. Ni wazo la kifundi kweli kweli. Shujaa asiyeogopa kifo hutetemeka anapoona upanga wake unamomonyoka mkononi. Zimwi hilo la kutu liliingia kitabuni mwaka 1975, katika nyongeza ya mchezo wa Gygax iliyoitwa Greyhawk, pamoja na dubu mwenye kichwa cha bundi, ambaye naye alitoka kwenye midoli ya aina hiyo. Wa tatu, mwenye gamba gumu mgongoni, alisubiri hadi Juni 1976, Tim Kask alipomwandikia maelezo katika toleo la kwanza la jarida la The Dragon. Aliitwa bulette, na wachezaji wakamtania kwa jina la papa wa nchi kavu.

Mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons, Gygax aliutunga pamoja na Dave Arneson wa Minnesota. Ulitoka mwaka 1974: nakala 1,000, zikiuzwa dola 10 kila moja. Kila mchezaji anaigiza mhusika mmoja, dadu zinaamua bahati, na msimamizi anasimulia yanayowakuta. Msomaji wa Kiswahili akifungua orodha ya viumbe wa toleo hilo la kwanza atakutana na wenyeji wake. Djinn na Efreet waliomo humo wametoka kwenye Kiarabu, chemchemi ileile iliyotupa jini na afriti.

Askari wa mezani wana umri mrefu zaidi. Mwaka 1824 maofisa wa Prussia walikuwa tayari wakijifunza vita kwa ramani na vipande. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kusubu askari wa risasi wenye uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu. Mwaka 1913 H. G. Wells, mwandishi wa hadithi za kubuni, alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kupiganisha askari hao sakafuni. Lakini wote walikuwa binadamu na farasi. Zimwi halikuwa na fundi wake.

Mafundi walipatikana baada ya 1974. Kampuni ya Ral Partha ilianzishwa Cincinnati, Ohio, mwaka 1975, na mchongaji wake mkuu, Tom Meier, alikuwa bado kijana mdogo. Nchini Uingereza, Citadel Miniatures ilifungua karakana Newark-on-Trent mwishoni mwa muongo huo. Kazi yao ilistahili kuitwa uhunzi. Kisanamu cha asili kilibanwa kati ya visahani viwili vya mpira mbichi, kikapikwa kwa joto na shinikizo mpaka mpira ukashika kila kunjo la nguo na kila jino. Kalibu hiyo ilizungushwa kwa kasi kwenye mashine, madini yaliyoyeyuka yakamiminwa katikati, na nguvu ya mzunguko ikayasukuma hadi kwenye ncha za kucha. Madini yenyewe yalikuwa mchanganyiko wa risasi na bati. Mwaka 1993, baada ya jimbo la New York kuanza kuibana risasi kwa sheria, Ral Partha ilihamia kwenye mchanganyiko usio na risasi, ikauita Ralidium, na bei ikapanda.

Kisanamu cha asili kilifinyangwa, na bado kinafinyangwa na wengi, kwa lihamu ya epoksi iitwayo Kneadatite. Huuzwa ikiwa vipande viwili, buluu na njano. Vikikandwa pamoja hutoka kinyunga cha kijani, ndiyo maana mafundi wengi huiita kwa rangi yake tu. Hapo saa huanza kukimbia. Kinyunga hufinyangika kwa muda wa saa moja hivi, kikizidi kukaza, na kesho yake huwa kigumu kabisa. Anayetaka zimwi lake mwenyewe huanza na mifupa: waya mwembamba uliokunjwa kwa koleo ukawa uti wa mgongo, miguu na mkia. Nyama hufuata, tabaka kwa tabaka, kila moja likiachwa likauke ili kidole kisiharibu kazi ya jana. Ngozi huja mwisho. Sindano, kijiti cha meno au kifaa cha daktari wa meno, kikiloweshwa maji kidogo kisinate, huchora magamba moja moja. Kazi hii haina njia ya mkato, na anayeifanya kwa haraka huonekana kwenye macho ya zimwi: yanakuwa mashimo tu, hayatazami.

Rangi nayo ina hila yake. Kiumbe mwenye urefu wa kidole hapati vivuli vya kutosha kutoka kwenye taa ya chumbani, hivyo mchoraji humpakia vivuli. Baada ya praima na rangi ya msingi, hupitisha rangi nyepesi kama maji, ikatuama kwenye mikunjo na kuitia giza. Ikikauka, huchukua brashi iliyofutwa karibu yote na kuipangusa juu ya magamba, ili ncha peke yake zishike mwanga. Kwa macho na meno, wengi huamini brashi za manyoya ya kolinski. Maarufu kati yake, Series 7 ya Winsor & Newton, ilitengenezwa mwaka 1866 kwa agizo la Malkia Victoria, aliyependa kuchora kwa rangi za maji. Tangu mwaka 1987, shindano la Golden Demon la kampuni ya Games Workshop limewapa wachoraji hawa jukwaa lao.

Mwaka 2012 kampuni ya Reaper ya Texas ilichangisha mtandaoni zaidi ya dola milioni 3.4 ili itengeneze visanamu vya plastiki vya bei ndogo. Leo wachongaji wengi hufinyanga kwenye kompyuta, na printa hulijenga zimwi kwa utomvu, tabaka jembamba juu ya jingine, ndani ya usiku mmoja. Zimwi la kutu limeshapita kote humo: risasi, bati, plastiki, utomvu. Wachoraji wamelibadilisha rangi na wachongaji wamelirefushia vipapasio, ila ncha ya mkia ni ileile. Fundi akifika hapo husokota kinyunga kidogo kati ya vidole, akakibana kikawa bapa, akakikata kwa wembe na kukipachika, na pangaboi la mdoli wa Hong Kong likarudi mahali pake.