Chole: Kisiwa Kilichohamwa na Serikali

Sisi wa Kizota, Dodoma, tumezoea kuyaona makao makuu yakija. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, kazi yenyewe ikashika kasi mwaka 2016, na miaka miwili baadaye tukawa jiji. Viwanja vimepanda bei, na malori yanayopeleka mahindi kwenye maghala ya hifadhi ya chakula sasa yanagombania barabara na magari ya watumishi. Lakini wako Watanzania wenzetu ambao mambo yao yalikwenda kinyume na yetu. Makao makuu yalikuwa kwao, yakaondoka, wao wakabaki. Hao ni watu wa Chole.

Chole ni kisiwa kidogo cha matumbawe katika wilaya ya Mafia, mkoani Pwani, ndani ya ghuba inayoitwa kwa jina lake. Unaweza kukizunguka chote kwa miguu kabla jua halijawa kali, na hutakutana na gari hata moja. Upande wa mashariki kimekingwa na kisiwa cha Juani, ambacho ndicho kinachopokea mawimbi ya bahari kuu. Chombo kikishaingia ghubani kimesalimika, na ndiyo maana mji ulisimama hapo.

Kabla ya Chole palikuwa na Kua, mji wa mawe huko Juani, ambao magofu ya misikiti na jumba lake bado yapo. Mnamo mwaka 1829 hivi, Wasakalava walivuka kutoka Madagaska, wakauvunja na kuchukua mateka. Kua haikuinuka tena. Utawala na biashara vikashika Chole, chini ya Masultani wa Kiomani waliokaa Unguja. Nyumba za mawe zikajengwa, Wahindi wakafungua maduka na kujenga hekalu lao. Kisiwa kikubwa cha Mafia chenyewe kikaitwa Chole Shamba, na hiki kidogo Chole Mjini.

Hilo shamba lililimwa na watumwa. Wengi wao waliletwa kwa njia ya Kilwa, wakitoka nchi za kusini ya bara, wakapanda na kutunza minazi iliyowatajirisha wenye nyumba za mawe. Magofu ya Chole husifiwa sana kwa uzuri wake, nami nakubali ni mazuri. Ila anayeyasifu bila kuwataja waliolipia ujenzi wake kwa jasho na uhuru wao ameisimulia historia nusu.

Mwaka 1890 Mafia ikaangukia kwa Wajerumani, waliomlipa Sultani marki milioni 4 kwa ajili yake pamoja na ukanda wa pwani ya bara. Wakaweka boma Chole, na gereza. Kisha zama za meli za moshi zikakipita kisiwa. Mwaka 1913 makao makuu yakahamishiwa Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, unaotazamana na mdomo wa Rufiji. Waingereza walipoiteka Mafia mwezi Januari 1915, Chole haikuwa tena mji mkuu wa mtu yeyote. Utumwa ulipigwa marufuku kabisa Tanganyika mwaka 1922.

Matajiri walifuata ofisi na bandari. Waliokuwa wakilima wakaendelea kulima: mihogo, minazi, michungwa. Leo mizizi ya mikuyu imekumbatia kuta za mawe hata huwezi kujua kama mti ndio unaoushika ukuta au ndio unaoubomoa. Juu ya miti mikubwa hulala popo wakubwa walao matunda, wa aina ambayo Tanzania nzima hupatikana Mafia tu. Magharibi ikiingia huruka kwa makundi kwenda kutafuta chakula.

Kazi ambayo Chole haikuipoteza ni ya kuunda vyombo. Ufukweni fundi huanza na mkuku, akapandisha mbao, akapachika mataruma, akitumia tezo, msumeno na keekee. Nyufa hujazwa kalafati ya pamba iliyolowa mafuta. Hakuna mchoro wa karatasi. Vipimo vyote vimo kichwani mwake na jichoni. Wanawake husuka mikeka, na bamvua likikupwa hushuka mwambani kutafuta pweza.

Tangu mwaka 1995 kisiwa kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini. Wavuvi wenye nyavu ndogo wameijua sheria yake, na wageni wa nje wamelijua jina la Chole. Ofisi ya hifadhi iko Utende, ng'ambo ya maji. Ya mkuu wa wilaya iko Kilindoni. Mwenye shida ya kiserikali hupanda mashua hadi Utende, kisha hushika barabara kuvuka kisiwa kikubwa, kile kile ambacho babu zake walikiita shamba.