Majirani wa Lugufu

Wageni wanaotembelea wazee hapa Nyarugusu husema upweke wao unaletwa na umri. Mimi nafanya kazi na vijana wa zoni yetu mwaka wa nne sasa, na sikubali. Karibu kila nyumba ya mzee tuliyoingia, upweke una tarehe.

Ya kwanza ni 1996. Vita vilipofika Uvira na Fizi, watu walivuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma. Koko wangu alitoka Baraka na watoto watatu. Alishajua kukimbia, maana akiwa mtoto alilala porini wakati wa Mulele, 1964. Lakini anasema zamani kijiji kilikimbia pamoja. Hata kwenye kambi ya Lugufu watu wa kwao walijenga karibu karibu. Jioni wazee wa kiume walikaa barzani, wamama walitwanga sombe kwa kinu kimoja na kusemana vizuri na vibaya. Mimi nilizaliwa huko.

2009 Lugufu ikafungwa, tukaletwa huku. Nilikuwa na miaka tisa, na lori kwangu ilikuwa sikukuu. Koko hakusema kitu njia nzima. Jirani yake wa kinu alipanda lori la siku nyingine, akashushwa upande mwingine wa kambi. Tulifika salama wote, posho tulipata, basi nani angeuliza habari ya jirani?

Kisha 2015. Warundi walikuja kwa wingi, na koko alizoeana na mama mmoja Mrundi, yule naye akahamishiwa Nduta. Miaka hiyo hiyo Wakongomani wengi walianza kuitwa mahojiano ya Marekani. Kesi inafuata karatasi: mtoto aliyeoa ana kesi yake, mama mzee ana yake. Wajomba zangu wawili waliondoka hivyo, wakisema, "Mama, utatufuata." Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi. Koko amebaki na neno lile.

Sisi vijana tulianza vibaya, niseme ukweli. Tulizunguka na sabuni na fomu. Tuliuliza, "Mzee, unajisikiaje?" Wakajibu, "Vizuri, mwanangu," kwa sababu mtu hamwambii mtoto mwenye fomu habari za moyo wake. Tukapiga picha, tukaondoka. Mzee mmoja alituuliza kama kazi yetu ni kuhesabu watakaokufa.

Siku nyingine nilikuwa nyumbani tu, bila fomu, nikamuuliza koko: Lugufu ulikaa na nani? Alitaja nyumba kwa nyumba, kushoto na kulia, nani alikuwa mkali, nani alikopa chumvi harudishi. Giza likaingia hajamaliza. Nikachukua daftari.

Tangu hapo swali letu ni hilo moja. Tunaandika majina, halafu vijana wa zoni nyingine wanaulizia kwenye foleni ya posho, kanisani, kisimani. Jirani wa kinu tulimpata baada ya wiki tatu. Yuko hapa hapa kambini, mwendo wa saa moja kwa miguu yangu. Kwa miguu ya koko ni safari isiyowezekana. Miaka yote hiyo kila mmoja alidhani mwenzake ameenda Marekani au amekufa.

Tulimpeleka koko kwa baiskeli, mmoja anasukuma, mwingine anamshika mgongo. Nilitegemea machozi. Yule bibi alimtazama muda, akasema, "Na sufuria yangu?" Kumbe koko aliiazima wiki ya malori. Wakagombana juu ya sufuria hiyo mpaka chai ikapoa, na mimi sikuwahi kumsikia koko akiongea kwa sauti kubwa vile.

Sasa anataka baiskeli kila Alhamisi, na tairi la nyuma limekwisha. Majina mengine kwenye daftari tumekuta makaburi. Mengine yako Marekani, tunawatumia sauti kwa simu bando likiwepo. Kama unafanya kazi na wazee, waulize walikaa na nani. Na kama wewe ulikaa Lugufu, njoo utazame daftari. Kuna wazee wanakuulizia.

Juzi koko aliniambia niandike na jina langu humo. Nami nina kesi yangu, peke yangu, kwa kuwa ni mtu mzima sasa. Nimeliandika kwa penseli.