Socket.IO yarahisisha mawasiliano ya papo hapo, lakini haihakikishi ujumbe umefika

TANGU Tim Berners-Lee alipobuni wavuti mwaka wa 1989, mazungumzo kati ya kivinjari na seva yamefuata desturi moja: kivinjari huomba, seva hujibu, kisha kila mmoja hushika njia yake. Seva haina ruhusa ya kubisha hodi kwa mteja, hata ikiwa na habari motomoto ya kumpasha.

Desturi hiyo yamtosha msomaji wa gazeti. Haimfai anayefuatilia mnada au anayepiga gumzo na mwenzake. Awali, watayarishaji wa programu walilazimika kuelekeza kivinjari kiulize kila baada ya sekunde chache kama kuna jipya, na kila swali liligharimu data hata pale jibu lilipokuwa la. Wengine waliiamuru seva ilishikilie swali bila kulijibu hadi ipate la kusema. Mbinu ambayo Alex Russell aliiita Comet mwaka wa 2006.

Ufumbuzi rasmi ulipatikana Desemba 2011, shirika la IETF lilipochapisha itifaki ya WebSocket katika waraka RFC 6455. Kivinjari hutuma ombi la kawaida la HTTP kikitaka kubadilisha itifaki, seva huridhia kwa kujibu 101, na kuanzia hapo njia ile ile hubaki wazi. Upande wowote waweza kunena wakati wowote. Ujumbe mfupi kutoka kwa seva huongezewa baiti mbili tu za utambulisho.

Kabla ya waraka huo kukamilika, Guillermo Rauch, mzaliwa wa Argentina, alikuwa tayari ametoa Socket.IO mwaka wa 2010. Hii ni maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa misimbo iliyokwisha kuandikwa ambayo mtayarishaji huitia ndani ya kazi yake. Vivinjari vingi vya wakati huo havikuifahamu WebSocket, na mitambo ya ulinzi katika mitandao ya ofisi iliizuia mara kwa mara. Ndipo maktaba hii ikaja na hekima yake: huanza kwa mbinu ya zamani ya kushikilia swali, kisha hupanda hadi WebSocket njia ikiruhusu. Seva yake asilia imeandikwa kwa JavaScript, ila wateja wapo wa Java, Swift, C++ na Dart, hivyo tarakilishi na rununu za aina mbalimbali zaweza kuhudumiwa na seva moja.

Jina lake huwapotosha wengi. Socket.IO si WebSocket. Huongeza maelezo yake katika kila pakiti, na mteja wa WebSocket ya kawaida hawezi kuunganishwa na seva yake. Aliyepanga kuchanganya hizo mbili hugundua kosa hilo akiwa amekwisha tumia siku nzima kutafuta hitilafu kwingine.

Kasoro nzito zaidi hujitokeza mtandao ukikatika. Katika matoleo ya sasa, isipobadilishwa mipangilio, seva humpigia mteja hodi kila baada ya sekunde 25 na kusubiri jibu kwa sekunde 20. Simu ya abiria aliyepoteza mawimbi ghafla yaweza basi kuhesabiwa kuwa hewani kwa takriban sekunde 45 zaidi. Simu itajaribu kuunganishwa upya yenyewe, lakini yaliyosemwa na seva katika pengo hilo hayarudiwi. Maktaba huahidi kwamba jumbe zitafika kwa mpangilio, na kwamba kila mmoja utafika mara moja au usifike kabisa. Wengi husoma nusu ya kwanza ya ahadi hiyo.

Toleo la 4.6.0 la mwaka wa 2023 lilileta uwezo wa kurejesha hali ya muunganisho na jumbe zilizokosekana. Hata hivyo, uwezo huo ni wa muda mfupi, dakika mbili usipobadilishwa, na sharti uwashwe na mtayarishaji mwenyewe.

Penye fedha au maisha ya watu, basi, kila ujumbe hauna budi kupewa nambari yake na kuhifadhiwa katika hazina ya data kabla ya kutumwa. Mpokeaji athibitishe kuupata. Akirejea hewani aitaje nambari ya mwisho aliyopokea, naye apewe zilizofuata. Nambari hiyo ndiyo pia itakayozuia agizo la malipo lililotumwa mara mbili lisitekelezwe mara mbili.

Kwa anayetaka seva iseme na mteja asikilize tu, kama vile matokeo ya mechi, maktaba hii ni mzigo wa bure. Vivinjari vya kisasa vina EventSource, chombo kinachopokea habari za seva moja kwa moja kupitia HTTP ya kawaida na kujiunganisha upya kinapokatika.