Tarehe ya Kuungwa kwa Mguu wa Farasi wa Mbio

Kwa karne nyingi farasi wa mbio aliyevunjika mguu alikuwa amekwisha kuhukumiwa kabla tabibu hajafika, na hukumu yenyewe ilikuwa risasi. Na waliokata hukumu hiyo hawakuwa watu wakatili, bali aghalabu walikuwa wale wale waliomlisha na kumsugua mwili kila alfajiri, ambao walijua kwamba kumwacha hai ni kumrefushia adhabu. Tarehe ya elimu iliyoipinga hukumu hiyo si ndefu, wala si ya ushindi mtupu, lakini yastahili kusimuliwa, kwa kuwa inafunza jambo ambalo matabibu wenyewe walilijua kwa taabu: kwamba kuunga mfupa ni sehemu tu ya kazi, na pengine si sehemu iliyo ngumu kuliko zote.

Farasi mzima wa mbio ana uzito wa karibu kilo 500, na akiwa katika kasi, katika kila hatua huja kitambo kifupi mno ambacho uzito huo huuelemea mguu mmoja peke yake. Chini ya goti la mbele hakuna nyama ya kuukinga mguu. Mna mfupa, kano na ngozi, hata ncha za mfupa uliovunjika hutoboa nje kwa wepesi, na damu ya kuponya hufika kwa uchache. Tena maumbile yamemfunza mnyama huyu kwamba salama yake i katika kukimbia: akiogopa hukimbia, na akiumwa hutaka kukimbia vile vile. Hawezi kulazwa miezi kama binadamu, maana ulalo mrefu humdhuru mapafu na matumbo. Asiyeweza kulala sharti asimame, na asimamaye kwa miguu mitatu huitaabisha ile iliyo mizima hata nayo ikaugua.

Kwa hiyo mabanzi na plasta, ambavyo vilimfaa mwanadamu, kwa farasi vilifaa mara chache. Mwaka 1956, Swaps, aliyeshinda mbio za Kentucky Derby mwaka uliotangulia, alivunjika mguu wa nyuma huko Marekani, na maisha yake yakategemea mikanda ya kumning'iniza iliyompunguzia uzito miguuni. Mikanda hiyo ilitoka kwa mzee Fitzsimmons, mfunzaji wa Nashua, farasi aliyekuwa mshindani mkubwa wa Swaps. Na tendo hilo la muungwana lafaa likumbukwe pamoja na tiba yenyewe, kwani Swaps aliishi akazaa washindi.

Mageuzi yalitoka Uswisi, na hayakukusudiwa farasi. Mwaka 1958 madaktari wa binadamu, miongoni mwao Maurice Müller na Martin Allgöwer, waliunda jumuiya ya kuchunguza namna ya kuunga mifupa kwa mabamba ya chuma na parafujo. Kanuni yao ilikuwa kuvibana vipande kwa nguvu visicheze, ili kiungo kiweze kutumika mapema. Na kutumika mapema ndiko hasa alikokuhitaji mgonjwa asiyejua kulala. Matabibu wa wanyama wakaifuata elimu hiyo, wakisaidiwa na dawa mpya za nusukaputi zilizowawezesha kumlaza farasi kwa saa nyingi bila ya kumwua.

Matunda yalionekana Uingereza. Mill Reef, mshindi wa Derby ya Epsom na wa Prix de l'Arc de Triomphe mwaka 1971, alivunjika mguu wa mbele wa kushoto akiwa mazoezini Kingsclere mwezi wa Agosti 1972. Tabibu Roberts alimpasua huko huko Kingsclere, katika chumba kilichotengenezwa kwa haraka, akamtia bamba na parafujo. Farasi yule akawa mpole na mstahimilivu katika uuguzi wake wote, akapona, na mwanawe Shirley Heights akaitwaa Derby ya 1978.

Lakini upole si wa kila farasi. Tarehe 6 Julai 1975, huko Belmont Park, New York, farasi jike Ruffian, ambaye katika mbio 10 hakupata kushindwa, alivunjika vifupa vya nyuma ya kifundo cha mguu wa mbele wa kulia. Matabibu walimpasua usiku, na kazi yao ikaisha. Ila alipoanza kuzinduka alitupa miguu kana kwamba mbio bado zinaendelea, akaivunja plasta na kujijeruhi upya, hata ikawa hapana budi kumwua kwa kumhurumia. Huzuni ile ilidhihirisha kwamba saa ya kuzinduka ni ya hatari kama saa ya kuvunjika. Katika hospitali ya wanyama ya New Bolton, Pennsylvania, wakatumia hodhi la maji, ambamo mgonjwa huteremshwa juu ya chelezo cha mpira, azinduke akielea, na mateke yake yapige maji matupu.

Mpasuko mdogo wa mfupa, uliowahiwa mapema, ulianza kutibika kikamilifu. Farasi Personal Ensign alivunjika mguu mwaka 1986, akatiwa parafujo 5, akarudi uwanjani na kumaliza maisha yake ya mbio mwaka 1988 bila ya kushindwa hata mara moja. Barbaro, mshindi wa Kentucky Derby ya 2006, hakuwa na bahati hiyo. Mguu wake wa nyuma wa kulia ulisagika mwezi ule ule wa Mei. Tabibu Dean Richardson akauunga New Bolton kwa bamba na parafujo 27, na farasi akazinduka salama hodhini. Mfupa ulikuwa ukiunga, ilhali kwato ya mguu wa pili, kwa kuchukua mzigo usio wake, iliugua na kuachana na mfupa uliomo ndani. Na tarehe 29 Januari 2007 wenyewe wakakubali kumtoa katika maumivu.

Siku hizi baadhi ya mipasuko hutiwa parafujo farasi akiwa amesimama, ametulizwa na kutiwa ganzi mguuni tu, ili isiwepo hata hiyo hatari ya kuzinduka. Lakini faida iliyo kubwa kuliko zote imetoka katika mifupa iliyoshindikana. Walioichunguza walikuta kwamba mvunjiko mkubwa aghalabu hutanguliwa na nyufa ndogo, zilizojengeka kwa mazoezi ya siku nyingi, na nyufa hizo huweza kuonekana kwa picha kabla ya msiba. Hivyo wajibu umemfikia mfunzaji na mwenye mali: afaidiye kasi ya farasi, naye anaona dalili ya kuchechemea, sharti ampumzishe, hata kama mbio kubwa ni kesho na zawadi yake ni nono.